Mke Mdogo Ameacha Ugomvi

Sonona ni ugonjwa ambao, kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili mfululizo, humshusha mtu moyo au humwondolea hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, kiasi cha kumvurugia usingizi, chakula, fikra, kazi au uhusiano wake na watu. Nimeiandika sentensi hiyo polepole na ninamwomba msomaji aisome polepole vilevile, kwa kuwa kila kipande chake kina kazi. Wiki mbili zinaitenga sonona na siku mbaya. Kale kaneno "au" kanatuonya kwamba mtu anaweza kuwa nayo bila kutoa chozi hata moja. Na yale mambo "aliyokuwa akiyapenda" yanatulazimu kujua kwanza mgonjwa alikuwa akipenda nini, jambo ambalo halionekani kwenye picha ya eksirei.

Ninaanza na fasili kwa sababu barua ya leo haina neno sonona hata mara moja. Mwandishi wake anadhani anatueleza habari za tabia njema. Majina ya watu nimeyabadilisha. Jina la kuku nimeliacha kama lilivyo, kwa kuwa mwenyewe hakupinga.

*

Mshauri wetu wa gazetini,

Salamu zikufikie kutoka hapa Msamala, na baada ya salamu nakuomba uniazime akili yako kwa muda, maana ya kwangu nimeitumia mpaka imeisha makali, na kila ninayemwendea kuomba ya kwake ananipa pole badala ya jibu, na pole nyumbani kwetu zimejaa, zimejaa pamoja na soda, ambazo wageni wanazileta mpaka uvungu wa kitanda cha mgonjwa umekuwa kama stoo ya duka, na mgonjwa mwenyewe hanywi.

Mimi ni bibi wa miaka sabini kasoro, nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, kwa hiyo ukiona barua hii ina nukta chache usidhani sijui zinawekwa wapi, ni kwamba nikiweka nukta nitasimama, na nikisimama nitalia.

Nina mjukuu, Ekaristia, binti wa mwanangu Emiliani, ana miaka kumi na mitano na yuko kidato cha pili, na sisi wawili tangu ajue kusema tumekuwa wake wenza, kama desturi ilivyo, bibi na mjukuu wa kike wanagombania babu, na babu mwenyewe ni mume wangu Otto, seremala aliyejifunzia randa Peramiho, mzee asiye na unywele hata mmoja kichwani na meno yake ni ya kuhesabu, lakini kwa jinsi tulivyokuwa tunamgombania ungedhani ni bwana harusi wa jana. Akirudi shule nilikuwa namwambia, "Mke mdogo, mume wetu hajala tangu asubuhi na wewe umekaa na simu," naye hajapata kukosa jibu, ananiambia, "Mke mkubwa nawe, mimi nililetwa hapa kwa urembo, mambo ya jikoni ulikuja nayo wewe na sufuria zako," nami namwambia, "Urembo gani, na magoti yamepauka kama ulipiga magoti kwenye majivu?" naye anasema, "Nilikuwa nakuombea upunguze domo," na Otto huko barazani anasimamisha randa na kusema, "Wake zangu, gombaneni taratibu, atakayenipikia dagaa wa Nyasa bila kuwaunguza ndiye nitakayemrithisha baiskeli," basi hapo vita inahamia kwenye dagaa, na majirani wanaopita wanatucheka mpaka wanakosea njia.

Ndiyo maisha yetu yalivyokuwa, mpaka mwaka huu mahindi yakiwa yanabeba, Ekaristia akatokwa na uvimbe shingoni, tukadhani ni mafua, tukamkanda na maji ya moto, uvimbe ukazaa mwenzake, mwisho hospitali wakakata kinyama wakapima, wakasema ni saratani ya tezi, akapelekwa hospitali kubwa ya mbali, na huko anawekewa dawa za dripu kwa awamu, anakwenda na mama yake, wanakaa, wanarudi nyumbani kupumzika, wanakwenda tena, na madaktari walituambia sisi wakubwa kwamba uvimbe unapungua vizuri na kwamba kosa kubwa ni kukatisha.

Aliporudi kutoka awamu ya pili nywele zilikuwa zimetoka zote, na mimi nilipomwona mlangoni ulimi wangu ukawasha, maana neno lilikuwa limejileta lenyewe, nilitaka kumwambia, "Kumbe umeamua kufanana na mume wetu ili unizidi," nikafungua mdomo nikasema, "Mke mdogo..." na mkwe wangu Dorine, mama yake, akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, tafadhali. Mtoto ana kansa." Nikaumeza ule utani, na haujashuka mpaka leo.

Jioni yake tukakaa kikao, Dorine, Emiliani, Otto na mimi, tukakubaliana kwamba mgonjwa hataniwi, kwa maana utani una maneno ya kifo na ubaya ndani yake, si unajua watani wakija msibani wanavaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake na kumdai pombe aliyokunywa, sasa nani anataka maneno ya namna hiyo kwenye nyumba yenye saratani, kwa hiyo tusicheke karibu na chumba chake, tusibishane naye, tusimtume hata kijiko, na neno lenyewe tusilitaje, tuseme "ule uvimbe", na mimi nikakubali, tena mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wangu, kwa sababu mkwe hapingwi juu ya mtoto wake wa kumzaa, na kwa sababu niliogopa.

Na kwa kweli nyumba ikapata amani, mshauri, amani mpaka ikatisha. Ekaristia akawa mtoto wa kutajwa kwenye mahubiri, shikamoo kwa kila mgeni, akiambiwa ale anasema, "Asante, nimeshiba," akiambiwa apumzike anageukia ukutani, ile simu iliyokuwa haibanduki mkononi iko chini ya mto na chaji imekwisha, wenzake wa darasani walikuja akasema waambiwe amelala, na akina mama wa jumuiya yetu walipokuja kusali rozari wakasema hawajaona binti mwenye adabu kama huyu, ugonjwa umemtakasa, na Dorine alifurahi kusikia hivyo, maana amechoka, maskini, na furaha nyingine hana.

Kisha akaanza kugawa vitu. Vibanio vya nywele akawapa watoto wa jirani, sikushangaa, lakini viatu vya shule navyo vikatoka, na halafu akamgawa kuku wake, tetea mwekundu aliyemlea tangu kifaranga na kumpa jina la Madamu Hesabu, kwa sababu anatembea uani akikagua kila mtu kama mwalimu wao wa hesabu, kuku ambaye kwa ajili yake Ekaristia amewahi kupigana na kunguru kwa fagio, huyo akampa Skolastika, rafiki yake wanayekaa dawati moja, akasema, "Chukua wewe, mimi sitamhitaji." Jumuiya waliposikia wakasema mtoto ana moyo wa sadaka, wakapiga makofi, na mimi nikapiga nao.

Juzi asubuhi tulikuwa wawili, mimi nachambua maharage pembeni ya kitanda, akaniita, "Bibi." Nikamwitikia. Akasema, "Mbona siku hizi hunigombezi?" Nikamwambia, "Kwa sababu unaumwa, mwanangu." Akalirudia lile neno, "Mwanangu," kama mtu anayeonja mboga iliyolala, halafu akasema, "Ina maana nimeshakufa, ila mnaogopa kuniambia." Nikamwambia asiseme hivyo, atapona kwa uwezo wa Mungu, akasema, "Sawa, Bibi," kwa ile sauti yake mpya, halafu akaongeza akiwa ameangalia ukuta, "Gari la awamu inayokuja waende wenyewe, mimi sipandi. Usimwambie mama, nitasema tumbo linauma. Mtapumzika nyie wote."

Gari ni wiki ijayo. Nikimwambia Dorine nimemsaliti mtoto ambaye hana mwingine wa kumpa siri, na nisipomwambia sijui nitakuwa nimefanya nini. Otto nimemdokeza tu kwamba mjukuu amezidi kunyamaza, akasema, "Huzuni ni haki ya mgonjwa, Mama Emiliani, mwenye saratani unataka acheke nini?" Dorine nimemdokeza, akasema, "Mama, kunyamaza si ndiyo kupumzika?" Na ule utani nilioumeza unanikaba kila siku, nataka kuutema nione kama atajibu, lakini nikiutema akalia je, na Mungu apishie mbali, akifa baada ya mimi kumwita kipara, nitaishi vipi? Nisaidie.

Mke Mkubwa, Msamala, Songea

*

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, Mke Mkubwa. Nimetanguliza heshima yako mapema kwa sababu nitakugombeza, na kwa maelezo yako mwenyewe nyumba yenu ina upungufu wa ugomvi.

Lenye haraka kwanza. Siri hiyo usiitunze. Siri hutunzwa pale ambapo kuitunza kunamfaa aliyeitoa, na hii itamdhuru. Msichana aliyegawa viatu vya shule, akasema hatamhitaji kuku wake, akakataa gari la matibabu na kuahidi kwamba nyote mtapumzika, amekwambia jambo zito kwa sauti ya chini. Asingetaka lijulikane asingekuambia wewe, mwanamke ambaye kwa miaka kumi na mitano hajawahi kumwona akinyamaza.

Lakini usimfikie Dorine kwa mlango wa nyuma. Nenda kwa Ekaristia kwanza, leo, na umwambie usoni: "Ulichoniambia ni kizito, siwezi kukibeba peke yangu. Ninakwenda kumwambia mama yako, na nitakuwa nimekaa hapahapa nikimwambia." Atakasirika. Mwache akasirike, mwenye hasira bado ana madai duniani, na hilo ni afadhali kuliko ile "sawa, Bibi".

Kisha muulize, bila kufunika maneno, kama amekuwa akitamani kufa au kufikiria kujidhuru. Najua kalamu hii imekushtua. Watu wengi wanaamini kwamba swali hilo humtia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo, na wataalamu waliolichunguza jambo hili hawakuona hivyo. Waliona kwamba mwenye wazo hilo hupata mahali pa kulitua. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo bila kungoja gari la wiki ijayo. Akisema hapana, shukuru, na bado uziondoe dawa za kuhifadhia mahindi na vidonge vyote vya nyumbani mahali anapoweza kuvifikia. "Hapana" ya mtoto mtiifu nayo inahitaji kukaguliwa.

Sasa Mzee Otto. Anasema huzuni ni haki ya mgonjwa, na kama seremala mwenye makini amepiga msumari palipo sawa lakini kwenye ubao usio wake. Huzuni ya mgonjwa ina mapengo: mtu hulia asubuhi, na mchana akauliza kama dagaa wameiva. Tazama tena fasili niliyoanza nayo, kisha unitajie pengo moja katika haya majuma ya Ekaristia. Huzuni ni haki yake, nakubali. Sonona ni ugonjwa wa pili, na hakuna haki ya kuugua magonjwa mawili huku ukitibiwa mmoja.

Nikiri ugumu ulipo, ili asije daktari akaniandikia barua. Kutokula, kuchoka na kulala hovyo vinaweza kuletwa na saratani yenyewe au na dawa za dripu, kwa hiyo katika shitaka langu sivitegemei. Ninategemea yale ambayo dripu haiwezi kuyaeleza: marafiki waliofukuzwa mlangoni kwa uongo, simu iliyoachwa ife chaji, na zaidi ya yote yule tetea. Ipo dawa ya saratani inayong'oa nywele. Bado sijasikia inayomfanya mtu amgawe Madamu Hesabu.

Hata hivyo mimi sitoi cheti cha ugonjwa kwa njia ya gazeti. Dorine ana namba ya wodi; apige simu kabla ya siku ya safari, aeleze yote uliyonieleza mimi, na kuku asimruke. Wao watapima kama damu imepungua, watauliza kama ana maumivu anayoyaficha, na wataangalia kama miongoni mwa dawa zake imo inayochezea hisia, kwa maana zipo. Sonona hutibika hata kwa mwenye saratani: kwa mazungumzo ya mpangilio na mshauri aliyesomea, na wakati mwingine kwa dawa, itakayochaguliwa na daktari anayejua zile nyingine anazotumia. Vidonge vya kununua dukani kwa kukisia, na mizizi ya kuchemsha ya jirani mwenye huruma, havina nafasi hapa. Rozari iendelee, Bikira Maria hajawahi kugombania saa moja na miadi ya kliniki.

Dorine amekuuliza kama kunyamaza si ndiyo kupumzika. Mjibu kwa upole, kwa maana mama huyo amekaa wodini akisikiliza watoto wa watu wakilia, na ukimya wa mwanaye umempendeza kama kivuli. Mwambie hivi: aliyepumzika huamka na kitu anachokitaka. Mwanao anataka nini tangu arudi? Akikosa la kutaja, mtakuwa mmeelewana. Na usimtwike lawama ya kikao, kwa sababu umeniandikia mwenyewe mkono uliotangulia ulikuwa wa nani.

Kikao hicho ndicho ninachotaka kukikagua, maana kosa lenu lina heshima yake: lilifanywa kwa upendo, kwa kura, na bila mpinzani. Mlisema mgonjwa hataniwi. Lakini katika desturi mliyomlea nayo binti huyu, nani hasa hataniwi? Marehemu anataniwa; umenieleza wewe, koti lake huvaliwa na pombe yake hudaiwa. Bwana harusi anataniwa, mchumba anataniwa, mzee asiye na meno anataniwa na wake zake wawili mbele ya majirani. Utani kwenu ni namna ya kumwambia mtu kwamba nafasi yake ingali yake na kwamba tunamwona ana nguvu ya kujibu. Sasa mtoto anayejua haya yote anarudi nyumbani na kunyimwa kile ambacho hata maiti hupewa. Kisha bibi yake, aliyekuwa mke mwenzake, anamwita "mwanangu". Mlitaka ajumlishe vipi? Alijumlisha vizuri sana, nadhani mwalimu wake wa hesabu angempa alama zote. Tarakimu mlizompa ndizo zilizokuwa pungufu.

Na hapa ndipo ninapokugombeza hasa. Umeandika kwamba uvimbe unapungua vizuri, na kwamba mliambiwa ninyi wakubwa. Nani amemwambia mwenye shingo? Mtoto wa kidato cha pili ana uwezo wa kuchora mzunguko wa damu kwa penseli za rangi, halafu katika nyumba yake neno "saratani" linafichwa kama pombe ya gongo. Asichoambiwa atakitunga, na alichokitunga ni kibaya kuliko ukweli. Awamu hii daktari amweleze yeye, wazazi wakisikiliza: ugonjwa wake unaitwaje, umefikia wapi, dawa zimebaki ngapi, na kwa nini zikikatishwa faida iliyopatikana inaweza kupotea. Saratani za tezi kwa vijana ni miongoni mwa zile zinazoitikia dawa vizuri. Kipimo cha tumaini lake mwenyewe anacho daktari wake, na mimi sitakikisia.

Wewe nawe usikikisie. Alipokwambia mnaogopa kumwambia kwamba amekufa, alikuwa amefungua mlango mzito kwa mikono iliyochoka, nawe ukaurudishia kwa "atapona kwa uwezo wa Mungu". Simkatai Mungu, nakataa namna ulivyomtumia kama komeo. Siku nyingine akitaja kifo, tua ungo wa maharage, muulize, "Unaogopa nini hasa?" kisha ufunge mdomo mpaka amalize. Huo ndio ukimya pekee ninaouidhinisha katika nyumba hiyo.

Akiendelea kukataa gari, asibebwe kama gunia la mahindi. Anayekataa matibabu mara nyingi anakataa kitu chenye jina: kutapika, mshipa unaotafutwa kwa sindano kila mara, wodi aliyomwona mwenzake akifia. Chenye jina kinaweza kupunguzwa, na kutapika kwenyewe kuna dawa zake. Mpeni simu azungumze na muuguzi anayempenda. Achague nani wa kumsindikiza. Pengine ni zamu ya Emiliani, ambaye katika barua yako ndefu nimemwona akipiga kura tu. Kwenda au kutokwenda si jambo la kumwachia mtoto mwenye sonona aliamue peke yake, lakini namna ya kwenda ni yake.

Nyumbani, mtumeni. Kazi ndogo anayoimudu akiwa amekaa, kila siku, na mkiona ameifanya vibaya mwambieni ameifanya vibaya. Skolastika apitie na madaftari, akae muda mfupi, hata kama mwenyeji wake "amelala". Madamu Hesabu asirudishwe kwa nguvu, kwa sababu zawadi ni zawadi, lakini huyo Skolastika huenda hajawahi kulea kuku, kwa hiyo aje na maswali: mbona hatagi, kunguru anafukuzwa kwa mkono gani? Ushauri utolewe dirishani. Kuku mwenyewe asiingie chumbani, kwa maana dawa za dripu hupunguza askari wa damu na vimelea vya kuku havijui utani. Akina mama wa jumuiya waambiwe kwa heshima zote waache kumpigia mtoto makofi kila anapojipunguza. Wakitaka kusaidia, wanywe zile soda.

Nafika kwenye ule utani uliokukaba. Uteme, ila si wote kwa mara moja. Kipara kiache. Nywele zilikuwa mali yake, na mwenye mali ndiye anayefungua mnada. Akikitaja yeye kwanza, ingia kwa nguvu zako zote. Wewe anza na lililo lako. Muulize waziwazi: "Mke mdogo, tulisimamisha ugomvi bila kukuuliza. Turudi?" Akisema hapana, heshimu, na urudi kesho na swali hilohilo. Akilia, usikimbie wala usiombe radhi kwa haraka. Kulia mbele yako ni zaidi ya kunyamaza mbele ya ukuta. Na tafadhali usitoke hapo ukitangaza mtaani kwamba umegundua dawa. Utani hautibu sonona, kama nyimbo zisivyounga mfupa. Unamrudishia mgonjwa cheo chake ndani ya nyumba wakati wataalamu wanafanya kazi yao.

Umeuliza utaishi vipi akifa baada ya wewe kumwita kipara. Utaishi kwa maumivu, kama kila bibi aliyemzika mjukuu, na sina maneno ya kukupunguzia hayo. Ila fikiri pia jinsi utakavyoishi akipona, akifika miaka thelathini, akakuuliza kwa nini alipougua ulihama.

Linabaki jambo moja ambalo nimelizungusha tangu nilipoisoma barua yako, na sijalimaliza. Ekaristia ni mtoto anayewasoma watu wa nyumba yake vizuri kuliko wao wanavyomsoma. Mlipotaka utulivu, aliwapa utulivu mpaka jumuiya nzima ikashangilia. Kuanzia leo mtakuwa mnataka kelele, na ataliona hilo machoni penu kabla hamjatamka. Atakapokujibu tena kwa ukali, na Mzee Otto akasimamisha randa yake kusikiliza, utajuaje kama mke mwenzako amerudi, au kama ametii tu?